Merkiri ndani ya maji ya mto: kabla ya kuamini nambari, tuulize namna masini yenyewe ilijaribiwa

Kila mara tunapozungumza hewani juu ya machimbo ya dhahabu, swali moja linarudi: "Hii maji ya mutoni iko na merkiri ao hapana?" Swali ni fupi, na mwenye kuuliza anangojea jibu fupi. Anataka kujua kama mtoto anaweza kuoga pale, kama bidoni aliyochota asubuhi inafaa kupikia.

Bahati mbaya, macho hayasaidii hapa. Maji yanayotoka kwenye loutra, pale wanaposafishia mchanga wa mawe yaliyosagwa, yakiwa mekundu, wekundu ule ni udongo. Zebaki (ndiyo merkiri yetu) ikishayeyuka ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji meupe yanaweza kuwa nayo na maji ya matope yanaweza kukosa. Kwa hiyo kuna njia moja tu: kupima, kupata nambari.

Nambari ya kulinganisha iko. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka mpaka wa mikrogramu 6 za zebaki ndani ya litre moja ya maji ya kunywa. Ili tuelewe udogo wake: gramu moja ya zebaki ni tone tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya mililita, maana zebaki ni nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Lakini gramu hiyo moja, kama ingeyeyuka yote, ingetosha kufikisha kwenye mpaka zaidi ya litre 160,000. Ni bidoni za litre 20 zaidi ya 8,000. Kutafuta kitu kidogo namna hiyo ndani ya maji ya Kamituga, ya Misisi ao ya Mongbwalu si kazi ya karatasi ya rangi inayouzwa kwenye famasi.

Kwa kawaida kazi hiyo inafanywa na masini kubwa za laboratware, zinazohitaji gesi safi, umeme usiokatika na fundi aliyezisomea. Sampuli inachotwa huku, inasafiri, inapimwa kule. Ndipo shida ya kwetu inapoanza. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, wakati wa vita. Barabara nyingi zinapita kwenye mistari ya mapigano. Na sampuli ya zebaki haivumilii safari mbaya. Ukiichota ndani ya chupa ya plastiki ya kawaida, ile ya soda ao ya maji ya dukani, bila kuweka asidi, zebaki inaanza kushikamana na kuta za chupa na nyingine inatoroka kama hewa. Chupa inafika laboratware imepoteza sehemu ya kile ulichotaka kupima. Masini inatoa nambari ndogo, nambari ya kweli kuhusu maji yaliyobaki ndani ya chupa ile, na ya uongo kuhusu mto. Mtu anarudi kijijini akisema: wamepima, hakuna kitu.

Ndiyo sababu kuna hamu kubwa ya vipimo vinavyoletwa mtoni vyenyewe, visanduku vidogo vya kushika mkononi vyenye kipande kidogo kinachozamishwa ndani ya maji. Tutazidi kuviona. Mwezi wa 10 wa 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza, na bei ikipanda watu wanaingia mashimoni kwa wingi, merkiri inauzwa zaidi, kampuni zinakuja na karatasi zao, mashirika yanakuja na miradi yao. Kila mmoja atakuwa na kisanduku chake na nambari yake. Inafaa tujue kisanduku hicho kinafanya nini, kwa sababu siku moja nambari yake itaamua nani anafukuzwa kwenye loutra na nani anaachwa.

Kanuni yake, kusema kweli, wachimbaji wanaijua kuliko watu wengine wote. Zebaki inapenda dhahabu. Ukimwaga merkiri ndani ya karai lenye mchanga, inakusanya chembe za dhahabu zisizoonekana na kufanya donge moja. Sasa geuza mambo: badala ya kutafuta dhahabu kwa kutumia zebaki, tafuta zebaki kwa kutumia dhahabu. Kipande kidogo cha dhahabu kinazamishwa ndani ya maji na kupewa umeme kidogo sana wa upande hasi. Zebaki iliyoyeyuka inavutwa na kulala juu ya dhahabu. Unangoja, pengine dakika moja, pengine tano. Kiisha unageuza umeme polepole kuelekea upande chanya, na kila metali inaruka na kurudi majini ikifika kwenye kiwango chake cha volti. Zebaki inatoka mahali pake, shaba mahali pake, risasi mahali pake. Ikitoka, inaacha umeme unaopanda na kushuka kama kilima kwenye kioo cha masini. Kilima kikiwa kirefu, zebaki ilikuwa nyingi.

Kipande hicho kinachopokea umeme ndani ya maji kinaitwa elektrodi. Si kitu kigeni kwetu. Mwenye ugonjwa wa sukari anayeweka tone la damu kwenye kile kijiti cha masini ya sukari, anaweka damu juu ya elektrodi. Leland Clark, Mmarekani, ndiye aliyefungua njia ile mwaka wa 1962 pamoja na mwenzake Lyons. Na kabla yao kuna kisa cha kuchekesha kidogo: mtu aliyeanzisha kupima metali namna hii, Jaroslav Heyrovský wa Prague, mwaka wa 1922, alitumia zebaki yenyewe. Matone ya zebaki yalikuwa yakidondoka moja moja ndani ya maji, na kila tone lilikuwa elektrodi mpya, safi. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1959. Kwa miaka mingi wataalamu walipima sumu nyingine kwa kutumia sumu hii.

Leo wengi wanatumia elektrodi ndogo, na si moja, ni nyingi zilizopangwa kwa safu juu ya kipande kimoja kisichozidi ukucha. Kila moja ni doti yenye upana wa mikrometa 5 ao 10. Unywele wa mtu una mikrometa 70 hivi. Kwa nini kujisumbua na vidoti vile badala ya kuweka bamba moja la dhahabu?

Angalia soko. Chukua duka refu kando ya barabara: wateja wanakuja kutoka mbele tu. Wakiisha kununua, mbele ya duka panakuwa tupu, na wengine wanapaswa kutoka mbali, kwa hiyo biashara inaanza kwa nguvu halafu inapungua. Sasa chukua mama mmoja anayeuza mikate katikati ya uwanja. Watu wanamfikia kutoka pande zote, na hakuna dakika anakosa mtu. Doti ndogo ndani ya maji ni mama yule. Zebaki inaifikia kutoka kila upande, umeme unakaa sawa bila kupungua, na mto ukienda mbio ao polepole kipimo hakitikisiki sana. Jambo lingine: maji ya mto hayana chumvi nyingi, umeme unapita ndani yake kwa shida. Bamba kubwa linapoteza nguvu katika safari hiyo na kilima kinapindapinda. Doti ndogo, kwa sababu umeme wake ni kidogo mno, karibu haipotezi kitu.

Lakini mama mmoja anauza kidogo. Doti moja ya mikrometa 10, ndani ya maji ya majaribio yenye milimoli moja kwa litre ya chumvi ya kupimia, inatoa kati ya nanoampea 1 na 2. Chaja ya simu inatoa ampea moja ao mbili, yaani mara bilioni moja zaidi. Kwa hiyo unaweka wamama mia moja ndani ya uwanja. Hapo kuna mtego: ukiwapanga bega kwa bega, wananyang'anyana wateja walewale, na wote pamoja wanakuwa tena lile duka refu. Lazima nafasi kati yao iwe kubwa, angalau mara 10 ao 20 ya nusu ya upana wa doti, na zaidi kama kipimo kinachukua muda mrefu.

Mfano uliojaribiwa vizuri uko Geneva, Uswisi. Kikundi cha Jacques Buffle na Mary-Lou Tercier-Waeber cha chuo kikuu cha kule kilitengeneza safu ya doti 100 za metali inayoitwa iridi, kila moja na upana wa mikrometa 5, na mikrometa 150 kutoka katikati ya doti moja hadi katikati ya nyingine. Piga hesabu: ni mara 60 ya nusu ya upana. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Doti zilipakwa zebaki kidogo ili kushika risasi, kadmi na shaba, na baadaye walifanya nyingine zenye dhahabu juu kwa ajili ya aseniki. Kitu ninachokipenda zaidi katika kazi yao ni jeli. Juu ya doti waliweka tabaka la agarozi, jeli inayotoka kwenye majani ya bahari. Matope, takataka na mabaki ya majani yanabaki nje ya jeli, vitu vidogo vilivyoyeyuka ndivyo vinapenya. Kwa mito yetu ya wakati wa mvua, jeli ile ni jambo la lazima: bila hiyo, doti inafunikwa na uchafu mapema sana, na kilima kinapungua siku hadi siku huku mto ukiwa vilevile. Mwenye kisanduku anafurahi kwamba maji yanasafika, kumbe doti zake ndizo zinazibika.

Safu kama hizo zinatengenezwaje? Unaanza na sahani nyembamba ya silisiumu iliyofunikwa na tabaka kama la kioo. Unaipaka dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, sawa na filamu za wapiga picha wa zamani. Unaweka juu yake kiolezo chenye mchoro, unawasha mwanga mkali, unasafisha, na mchoro unabaki. Kiisha unapuliza metali ndani ya chombo kisicho na hewa: kwanza tabaka jembamba la titani ao kromu, kwa sababu dhahabu peke yake haishiki kwenye kioo na ingebanduka, halafu dhahabu yenye unene wa nanometa 100 ao 200. Mwisho unafunika kila kitu kwa tabaka lisilopitisha umeme na kufungua matundu mahali doti zinapotakiwa. Dhahabu inayohitajika ni ya kuchekesha: sentimeta moja ya mraba haimalizi hata nusu ya miligramu. Gramu moja, ile ambayo mchimbaji anaitafuta kwa wiki nzima, ingefunika vipande zaidi ya 2,500 vya ukubwa huo.

Kumbe dhahabu haikosekani. Kinachokosekana ni chumba kisicho na vumbi, maana chembe moja ya vumbi inaweza kuwa kubwa kuliko doti, na umeme wa saa 24, na maji yaliyosafishwa sana. Tusidanganyane kwamba kesho tutajenga chumba kama hicho Bukavu ao Bunia. Lakini kuna njia za chini zaidi. Mwaka wa 2006, Pascal Salaün na Constant van den Berg wa Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba waya mwembamba mno wa dhahabu unatosha kupima zebaki na shaba ndani ya maji ya bahari. Na vijiti vingi vya masini ya sukari vinachapwa kwa serigrafi, kazi ileile ambayo vijana wetu wanafanya kuchapa tishati za uchaguzi, ila wino ni wa kaboni na mpira wa mkono ni safi zaidi. Serigrafi haiwezi kuchapa doti za mikrometa 5, kwa hiyo inapoteza zile faida za mama wa katikati ya uwanja, lakini inafanya elektrodi zinazofanya kazi. Hata masini inayoziendesha si lazima iwe ya maelfu ya dola: mwaka wa 2011 watafiti wa California waliweka wazi kwa watu wote mchoro wa moja inayoitwa CheapStat, inayotengenezwa kwa chini ya dola 80.

Kwa hiyo, kupata kisanduku si jambo lisilowezekana. Shida yangu iko pengine. Kutengeneza doti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ile ambayo watu wa miradi wanaipita haraka kwa sababu haipigwi picha, ni kuijaribu elektrodi kabla ya kuiamini.

Jaribio la kwanza ni darubini. Unaangalia doti moja moja: matundu yamefunguka yote? Kingo zimenyooka? Tabaka la juu halina nyufa? La pili linafanywa ndani ya maji ambayo tayari unajua kilichomo. Unaweka chumvi ya kupimia, kwa mfano ferosianidi, unapandisha na kushusha volti polepole, na kuangalia mchoro. Doti ndogo zilizopangwa vizuri zinatoa mchoro wa umbo la herufi S: umeme unapanda, kiisha unatulia kama uwanda. Ukiona badala yake kilima chenye ncha kinachoporomoka, doti zako zinanyang'anyana wateja, ziko karibu mno.

Kiisha hesabu. Kwa doti 100 za mikrometa 10 zenye nafasi ya kutosha, ndani ya ferosianidi ya milimoli moja, unangojea nanoampea 125 hivi. Masini ikionyesha 60, karibu nusu ya doti zimezibika na ulifikiri uko nazo mia. Ikionyesha 400, usifurahi: tabaka la juu limepasuka, maji yameingia chini yake, na sasa unapima kwa eneo usilolijua. Katika hali zote mbili kisanduku kitaendelea kutoa nambari. Hakitapiga kelele. Nambari itaonekana kwenye kioo, na desimali mbili nyuma ya koma, kama nambari nyingine yoyote.

Kwa dhahabu kuna jaribio lingine ndani ya asidi salfuriki iliyopunguzwa, linaloonyesha ni eneo gani la kweli la dhahabu liko wazi na kama ni safi. Hilo ni la lazima kwa upande wa zebaki, na sababu ni ileile inayofanya mbinu hii iwezekane. Zebaki ikipenda dhahabu, haitoki yote. Kila kipimo kinaacha kidogo ndani ya doti, uso wa dhahabu unabadilika, na kipimo cha ishirini hakifanani na cha kwanza. Elektrodi inakumbuka mto wa jana. Mtu akipima loutra asubuhi na chemchemi mchana kwa kipande kilekile bila kukisafisha na kukijaribu tena kati ya hapo, chemchemi inaweza kubeba kosa la loutra.

Na kuna njia nzuri ya kukamata uongo palepale mtoni. Pima maji. Halafu ongeza ndani yake kiasi cha zebaki unachokijua, kidogo, kutoka kwenye chupa ya kulinganishia. Pima tena. Ongeza tena, pima tena. Kama kilima kinapanda kwa hatua zilizo sawa, unaweza kurudi nyuma kwa mstari na kujua maji yalikuwa na kiasi gani mwanzo. Kama umeongeza na kilima hakikupanda, maji yale yana kitu kinachofunika doti, na nambari yako ya kwanza haina maana hata ikiwa sifuri. Hasa ikiwa sifuri.

Hapa ndipo ningependa wasikilizaji wetu wakae. Akija mtu, awe wa kampuni, wa serikali, wa SAEMAPE, wa shirika ao wa chuo kikuu, na akasema maji yenu yako sawa, haihitaji kuwa mtaalamu ili umuulize: ulijaribu kipande hiki lini mara ya mwisho, na ndani ya maji gani? Uliongeza zebaki ya kujua ili uone kama kinaisikia? Ulipima maji safi kabla na kisha, na yalitoa ngapi? Mtu aliyefanya kazi yake atafurahi kuulizwa, atafungua daftari. Asiyekuwa na daftari, nambari yake tuiweke pembeni.

Tena kuna swali lingine, zito kuliko hayo: ulipima zebaki gani? Doti inasikia zebaki iliyo huru ndani ya maji. Ile iliyoshikamana na chembe za udongo haiioni, isipokuwa maji yatayarishwe kwanza kwa asidi na dawa kali za kuiachilia. Na mito ya machimbo imejaa udongo. Nambari ya maji yaliyochujwa na nambari ya maji yote ni vitu viwili, na mpaka wa OMS wa mikrogramu 6 umewekwa kwa zebaki isiyo ya kikaboni.

Hata hivyo, tuseme kila kitu kimefanywa vizuri, na nambari ikatoka ndogo kabisa. Je, tuko salama? Hapana, na hili lazima lisemwe wazi, maana kisanduku kizuri kinaweza kutupumbaza kuliko kibaya. Zebaki iliyomwagika ni nzito, inashuka chini, inalala ndani ya matope ya mto na ya mabwawa ya zamani. Maji ya juu yanapita yakiwa karibu safi. Ndani ya matope, vijidudu vinaigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, metilimerkiri, inayoingia ndani ya wadudu, kutoka kwa wadudu inaingia ndani ya samaki wadogo, kutoka kwao ndani ya samaki wakubwa, na kila hatua inazidi. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1956, watu waliumia kwa kula samaki na konokono wa bahari. Kupima maji tu kule kusingewaambia ukweli wote.

Na kwa mchimbaji mwenyewe, hatari ya kwanza haiko hata mtoni. Iko kwenye moto. Lile donge la zebaki na dhahabu linachomwa ili dhahabu ibaki, na zebaki inaondoka kama moshi. Ikichomwa ndani ya nyumba, kwenye jiko ambapo mama anapika na mtoto analala, familia yote inavuta. Moshi ule unashika mishipa ya fahamu na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, na mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi. Wafanyabiashara wanaochoma tena dhahabu dukani, katikati ya mtaa, wako katika hatari hiyohiyo na majirani wao pia. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi Agosti 2017, unataja kati ya mambo mabaya zaidi ya kuondoa: kuchoma wazi, kuchoma ndani ya makao ya watu, na kumwaga sianidi juu ya mchanga ambao bado una zebaki. Hakuna elektrodi ya mtoni itakayoona moshi wa jikoni. Huo unapimwa kwenye hewa na kwenye mkojo.

Kwa maoni yangu, fedha zikiwa kidogo, kornue ya chuma ya kukamata ule moshi na kuurudisha kuwa zebaki inakuja kabla ya kisanduku. Lakini kisanduku kina kazi yake, kazi ya ushahidi. Wakaaji wa Ulindi, kule Shabunda, waliona madraga yakigeuza mto juu chini. Wakaaji wa Kasai waliona mwaka wa 2021 mto ukibadili rangi na samaki wakielea, baada ya uchafu wa mgodi wa almasi wa Angola kuvuja. Katika mambo kama hayo, asiye na nambari yake anabaki kusikiliza nambari za wengine. Na nambari inaweza kugeuzwa upande wowote. Ikiwa kubwa, itatumiwa kuwafukuza mama twangaise wanaotwanga mawe kwa kilo chache, ili mahali papewe mwenye masini kubwa. Ikiwa ndogo, mwenye masini kubwa ataibandika kwenye mlango wa ofisi.

Tunao watu wa kuanzia. Kituo cha utafiti cha Lwiro kiko, kituo cha elimu ya maji cha Uvira kiko, na vyuo vyetu vina vijana wa kemia wanaotafuta kazi ya kumaliza masomo. Kujaribu elektrodi ndani ya ferosianidi, kuandika daftari, kulinganisha kisanduku na laboratware ya mbali kwa sampuli chache zilizotunzwa vizuri: hiyo ni kazi inayofanyika mezani, kwa betri na paneli ya jua, hata kama vipande vyenyewe vinatoka inje.

Kwa sasa, kama kikundi cha kijiji kinataka kuchota maji yapelekwe mahali, au timu ya kupima inakuja kwenu, simamieni mambo haya. Chupa iwe ya kioo ao ya teflon, iliyooshwa na laboratware itakayopima, na asidi iwekwe palepale na mtu anayeijua, maana inachoma. Chota juu ya loutra, chota chini yake, chota pale watu wanapochotea maji ya nyumbani, na matope ya bwawa yaende pia ndani ya chupa yake peke yake. Andika saa, na kama mvua ilinyesha usiku. Kila mahali jaza chupa mbili, zifungwe mbele ya watu, moja iende na waliokuja kupima, ya pili ibaki kwenye kituo cha afya penye baridi, na majina ya walioshuhudia juu yake.